Maswali ya Wasomaji: Bicester Village kwa treni, kwenda na kurudi siku hiyohiyo

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja. Wazazi wanajiandaa kupanda ndege kwenda kuwaona watoto walioko Uingereza, wengine wanaishi hukohuko, na kila mtu kaskia kuna kijiji cha maduka nje ya London ambako Gucci, Burberry na wenzao wanauza kwa bei iliyokatwa afu treni inakushusha karibu kabisa na mlango. Kijiji chenyewe ni Bicester Village, kipo Oxfordshire, kilifunguliwa 1995 na sa hivi kina maduka zaidi ya 150. Nimechagua barua sita, zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

*Dada, salaam. Mwezi ujao naenda London kumwona binti yangu, ni mara yangu ya kwanza kufika Ulaya. Yeye anasema twende Bicester kwa treni turudi jioni, ila anashinda kazini na mwenyewe hajawahi kwenda, kwa hiyo mipango yote kaniachia mimi. Treni nayoijua mimi ni SGR ya Dodoma. Nielekeze tangu asubuhi. — Mama wa Tabata, Dar es Salaam*

Shikamoo mama. Ntakwenda polepole maana siku kama hii huwa inaharibikia kwenye vitu vidogo vya njiani, madukani kwenyewe hakuna shida.

Stesheni yenu inaitwa London Marylebone. London ina stesheni kubwa nyingi na kila moja ina njia zake, kwa hiyo msikubali mtu awapeleke Paddington au Euston, ya Bicester ni Marylebone, na treni ya chini ya ardhi inayofika hapo ni Bakerloo, ile ya rangi ya kahawia kwenye ramani. Kampuni ni Chiltern Railways, treni ni kama mbili kwa saa na mwendo ni kama dakika 50, za haraka zinapungua kidogo hapo. Kwenye ubao mtafute treni ya Oxford, kwa sababu Bicester Village ipo njiani kuelekea Oxford, na hapa ndo wengi wanapotea: mji wa Bicester una stesheni mbili. Kuna Bicester Village, hiyo ndo yenu, na kuna Bicester North ambako zinapita treni za Birmingham. Zote zinatokea Marylebone, majina yanafanana, na mtu mwenye haraka akiona tu neno Bicester anaruka ndani. Mkishuka North mtatembea dakika 20 mpaka 25 au msubiri basi, na asubuhi yenu ishakatwa. Ya Bicester Village ilijengwa upya na kufunguliwa Oktoba 2015, mkitoka getini mnafuata watu tu, dakika chache mpo madukani.

Sasa tofauti na SGR. Ya Dodoma ukikata tiketi unapewa behewa na namba ya siti, unafika mapema, begi linapita kwenye mashine. Marylebone hakuna hayo. Tiketi yao ya treni hizi haina siti, anayewahi ndo anakaa, na mizigo haikaguliwi na mtu. Unaweka tiketi kwenye geti, geti linafunguka, unatembea mpaka kwenye behewa. Ila msijilegeze kwa sababu ya huo wepesi, milango inafungwa kabla ya ile dakika iliyoandikwa kuondoka, ukifika unakimbia na dakika yenyewe mkononi unaiona treni inaondoka.

Kuhusu tiketi nakuomba umsomee binti yako sehemu hii kwa sauti, maana wenyeji wa London ndo wanaoingia sana kwenye huu mtego. Wao wamezoea kugusa kadi ya benki au Oyster, kadi yao ya usafiri wa mjini, kwenye geti na kupita. Marylebone geti litafunguka vizuri kabisa kwa sababu kuna stesheni za karibu zinazokubali mtindo huo, ila Bicester haimo, kwa hiyo mtafika kule kwa sheria za reli hamna tiketi. Faini Uingereza tangu Januari 2023 ni paundi 100 juu ya nauli yenyewe, ukilipa ndani ya siku 21 inashuka kuwa 50, na mnaweza kutozwa kila mtu ya kwake. Kateni tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwenye simu au dirishani pale Marylebone, na mkiongea na wa dirishani semeni "Bista Vileji", ndo wanavyotamka.

Tiketi rahisi ni ile iliyoandikwa Off-Peak, ya saa ambazo watu wa kazini washapita. Utasikia pia habari za Two Together Railcard, kadi ya watu wawili wanaosafiri pamoja, inakata theluthi ya nauli, picha zenu wote zinawekwa, na siku za wiki inaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi. Tangu Machi 2025 inauzwa paundi 35 kwa mwaka. Sasa theluthi moja ikurudishie paundi 35, nauli zenu mkizijumlisha lazima zipite 105. Kwa Bicester peke yake hamfiki huko, ila kama mna mpango wa kwenda na Birmingham au Edinburgh kabla hujarudi, inunueni kabla ya safari ya kwanza. Na mkipata mtu mzima wa tatu wa kufuatana nanyi, mwambieni wa dirishani mnataka GroupSave, watu 3 mpaka 9 wanaosafiri pamoja saa za Off-Peak wanapunguziwa theluthi bila kadi yoyote.

Siku: Jumanne, Jumatano au Alhamisi kama binti anaweza kuomba ruhusa. Jumamosi ni shida, na ile wiki ya Black Friday na siku baada ya Krismasi ndo usiseme, watu wanatoka kila upande, foleni ya magari inafika barabara kuu, wa treni angalau wanapita ila ndani ya treni wanasimama. Mfike maduka yanapofunguliwa. Kijiji ni mtaa mmoja mrefu wa wazi, maduka kama vinyumba vya mbao kulia na kushoto, hakuna paa juu ya njia, kwa hiyo mwavuli na viatu vya kutembelea, sio vya kupigia picha. Mama, hili ni la muhimu kwa mtu wa umri wetu, utatembea na kusimama siku nzima na mabenchi jioni yanajaa.

Mkiingia anzieni duka mnalolitaka kuliko yote. Watu wengi wanaanzia duka la kwanza wanaloliona, wanazungukazunguka, saa saba ndo wanakumbuka walikuja kwa ajili ya Gucci au Prada, wanakuta mstari nje na mlinzi anaingiza wachache wachache. Usiku wa kuamkia safari kaeni wawili na karatasi, mwandike mnachotaka, na pembeni ya kila kitu bei kinachouzwa kwa sasa mtandaoni au kwenye maduka ya mjini. Hiyo karatasi ndo itawalinda. Ukishafika kule kila kibandiko kina bei mbili, moja imefutwa, na bila bei yako mwenyewe kichwani utaamini ile iliyofutwa.

Kurudi, tokeni mapema alasiri au subirini mpaka mle cha jioni. Ule wakati wa kati, kila mtu anarudi London na mifuko yake.

*Sasa dada. Mimi ni nesi hapa Birmingham, kwetu ni Kisii. Nimesevu tangu mwaka uanze nataka handbag moja tu ya maana, ya kukaa nayo miaka. Wenzangu wodini wananiambia vitu vya Bicester si vya ukweli, eti vinatengenezwa tu vya kuuzwa huko. Ni ukweli ama ni porojo? Na nikifika nyumbani nipate iko na shida, watanirudishia doo? — Msomaji, Birmingham*

Hongera kwa kusevu dadangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujalipa.

Feki hakuna pale, maduka ni ya wenye majina wenyewe. Ila wenzako wana hoja, hawajaropoka. Vitu vya maduka ya punguzo vya aina hii viko vya namna tatu na vyote vinakaa rafu moja. Kuna vya msimu uliopita, vilivyokaa kwenye duka la mjini vikabaki. Kuna vilivyobaki saizi au rangi, kwa nguo na viatu hivi ni vingi. Afu kuna vilivyoshonwa tangu mwanzo kwa ajili ya maduka ya punguzo, havikuwahi kukaa kwenye duka la mjini hata siku moja. Jambo hili Marekani lilifika mpaka kwa wabunge, Januari 2014 maseneta watatu na mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi waliandikia tume ya biashara ya huko, FTC, wakitaka iangalie kama wateja wanadanganyika wakidhani wanapata kilekile cha duka kuu kwa bei ndogo. Uingereza nako kuna majina yanayofanya hivo.

Kitu cha namna ya tatu sio lazima kiwe kibaya. Ubaya ni kwamba hiyo bei iliyofutwa kwenye kibandiko pengine hakuna mtu aliyewahi kuilipa, na wewe umeambiwa umepunguziwa asilimia 50. Kwa hiyo ukiupenda mkoba, soma jina la modeli na namba kwenye kibandiko, simama pembeni utafute kwenye simu kama uliwahi kuuzwa kwenye duka la kawaida la kampuni hiyo au maduka makubwa ya mjini. Afu ufungue. Angalia kitambaa cha ndani, zipu uivute mara kadhaa, kingo za ngozi kama zimepakwa rangi vizuri au zimeanza kumenyuka, pale mshikio unaposhonewa kama uzi umepita mara mbili, maana mkoba wa kila siku hufia hapo. Na umuulize muuzaji moja kwa moja, huu uliuzwa dukani kwenu London? Hawana sababu ya kukuficha, wengi wanajibu. Ukishajua hayo yote jiulize kama huu mkoba, ulivyo mkononi, ungeulipia hiyo hela bila kuona ile namba iliyofutwa. Ukisita, rudisha rafuni utembee, utaukuta au utakuta mwingine.

Kuhusu kurudisha, kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Ukikuta una kasoro, sheria ya Consumer Rights Act ya 2015 inakupa siku 30 za kuukataa na kurudishiwa hela yote, na kuuzwa kwa punguzo hakuondoi haki hiyo, labda tu kama kasoro yenyewe walikuonyesha kabla hujanunua. Lakini ukibadilisha mawazo, umefika nyumbani umeona rangi haikukai, sheria haimlazimishi mwenye duka kukurudishia chochote kwa kitu ulichonunua dukani kwa mkono wako. Hapo ni utaratibu wa duka, na unatofautiana mlango kwa mlango. Kabla ya kulipa uliza vitu viwili: mnarudisha hela au mnatoa vocha tu, na je naweza kurudisha tawi lenu la Birmingham. Hilo la pili watu hawaulizi, afu wanajikuta lazima wapande tena treni mpaka Bicester kwa ajili ya zipu.

Kama una kadi ya mkopo lipia hiyo, sio ya debiti. Kitu cha zaidi ya paundi 100 mpaka 30,000 ukilipa kwa kadi ya mkopo, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji, duka likikusumbua unaidai benki. Ila ulipe deni lote mwezi huohuo, riba isije ikala hilo punguzo ulilolifuata.

Na njia yako sio ya mama wa Tabata. Wewe unatokea Birmingham Moor Street, treni hiyohiyo ya Chiltern, na Bicester North ndo stesheni yako sahihi, kama saa moja hivi. Ukishuka ni basi au miguu, dakika 20 na kitu.

*Assalaam alaykum. Tunatoka Muscat familia nzima, mimi, mke wangu na watoto watatu, mkubwa ana 13 na mdogo 4. Zamani tukienda London tulikuwa tunarudishiwa kodi uwanja wa ndege. Ndugu zangu wa Unguja wananiambia imefutwa. Nielezee, na unipe mpango wa watoto. — Abu Watoto, Oman*

Waalaykum salaam ami. Ndugu zako wamekwambia kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2021 England, Scotland na Wales zimefuta ule mpango wa mgeni kurudishiwa VAT akiondoka. VAT yao ni asilimia 20 na imeshaingizwa kwenye bei ya kibandiko, ukitaka kuijua gawa bei kwa 6, kitu cha paundi 300 kina paundi 50 za kodi, na hizo hazirudi tena. Kuna maduka yanayoweza kukuuzia bila VAT kama yenyewe ndo yanakutumia mzigo nje ya nchi, ila hapo unalipia usafirishaji na ushuru wa kwenu, kwa vitu vidogo haina faida.

Kwa hiyo kwa familia yenye viza za kote mbili, na viza ya Uingereza haikuingizi Ufaransa, shopingi kubwa ningeihamishia Paris. Wenye Bicester haohao wana kijiji kingine huko kinaitwa La Vallée Village, kilifunguliwa 2000, unapanda treni ya RER A kutoka katikati ya Paris, kama dakika 40 unashuka Val d'Europe unatembea. Kwa mwaka 2025 tiketi ya Metro na RER ilikuwa euro 2.50 bei moja ndani ya mkoa mzima wa Paris, isipokuwa za viwanja vya ndege, linganisha mwenyewe na nauli ya Bicester. Na stesheni inayofuata baada ya Val d'Europe, ya mwisho kabisa, ndo Disneyland. Mmoja wenu anashuka na mifuko, mwingine anaendelea na watoto, jioni mnakutana kwenye treni ileile.

Kodi ya Ufaransa: uwe na miaka 16 au zaidi, makazi yako yawe nje ya Umoja wa Ulaya, na manunuzi ya duka moja yapite euro 100. Unaomba fomu dukani ukiwa na pasipoti, uichukue hapohapo kabla hujaondoka. VAT ya huko ni 20 lakini wakala anakata chake, kinachorudi ni kama asilimia 12. Fomu unaipitisha kwenye mashine za forodha zinazoitwa Pablo, sehemu unayotokea Umoja wa Ulaya. Sasa hapa sikiliza, kama mnarudi London kwa treni ya Eurostar, hiyo sehemu ni stesheni ya Gare du Nord pale Paris, kabla hamjapanda. Mkisema mtafanya Heathrow mkiwa mnarudi Muscat, mmeshachelewa, Uingereza haimo tena kwenye Umoja na hakuna wa kuwagongea.

Kama mmeamua Bicester bado ni siku nzuri, ila muende kwa ajili ya bei yenyewe, sio kwa kutegemea marudio. Mdogo wa miaka 4 hapandi kwa nauli, chini ya 5 ni bure, kuanzia 5 mpaka 15 ni nusu. Kuna Family & Friends Railcard, nayo paundi 35, watu wazima mpaka wanne wanapunguziwa theluthi na watoto mpaka wanne asilimia 60, sharti tu mtoto mmoja wa miaka 5 mpaka 15 awe safarini, na siku za wiki asubuhi sana haifanyi kazi huku kwa London. Mkeo hatapata tabu na maelekezo, stesheni ya Bicester Village ina mabango na matangazo ya Kiarabu na Kichina. Chumba cha kusalia kipo, muulize dawati la maelezo mkiingia. Mna kigari cha mtoto na mifuko, basi ulizeni pia huduma ya kukusanyiwa mizigo, unalipa dukani unaacha, unachukua yote ukiondoka.

*Dada mambo. Nina duka la nguo Sinza. Nafikiria kwenda Bicester mara mbili kwa mwaka nijaze mabegi nije niuze, wateja wangu wanataka vitu oginali. Italipa? — Mfanyabiashara, Dar*

Poa mdogo wangu. Kwa bei za kibandiko, hapana, na nakuonyesha kwa hesabu. Chukua koti la paundi 200. Ndani yake kuna VAT ya Uingereza kama paundi 33, hupati. Ukifika nyumbani mzigo wa biashara unatangazwa forodha. Bendi ya juu ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki tangu Julai 2022 ni asilimia 35 na nguo zimo, hiyo ni paundi 70, umefika 270. Juu ya hiyo 270 inakuja VAT yetu ya asilimia 18, ni 48.60, sa hivi koti ni paundi 318.60, na hapo hujaweka tozo nyingine, tiketi ya ndege, hoteli, treni, na mteja wa Sinza atakayekwambia kaona kama hilo Kariakoo. Na usinambie utapitisha kama nguo zako za kuvaa, makoti 15 saizi tofauti na vibandiko vyake hayafanani na nguo za kuvaa za mtu mmoja, ukikamatwa unapoteza mzigo na jina. Halafu baadhi ya haya maduka yana kikomo cha vitu kwa mteja mmoja.

Kinachoweza kulipa ni oda. Mteja kalipia kabla, anajua ushuru utaongezeka, wewe unachukua ada yako. Ukiwa na oda za kutosha nenda, bila hivo hela yako izungushe kwenye mzigo unaoujua.

*Mume wangu hapendi maduka kabisa, saa moja tu amechoka na sisi wote tumechoka. Nimwache London? — Mama wa Nakuru*

Usimwache, mwambie asishuke. Treni mnayoshukia nyinyi inaendelea mpaka Oxford, kama robo saa tu mbele, na Oxford makumbusho ya Ashmolean, yaliyoanza 1683, hayana kiingilio, Pitt Rivers pia hayana, na vyuo vya kale viko mtaa kwa mtaa anatembea mwenyewe kwa raha zake. Yeye akate tiketi yake ya Oxford kwa njia ya Marylebone na arudie njia hiyohiyo, kwa sababu Oxford kuna treni nyingine za kampuni nyingine zinazokwenda Paddington na tiketi za bei rahisi za Chiltern huko hazikubaliki. Mkubaliane treni ya saa ngapi, mnapeana ujumbe akipanda, nyinyi mnapandia Bicester Village mnarudi pamoja, na yeye atakuwa na mikono mitupu ya kubeba.

*Mimi niko Eindhoven, natokea Bujumbura. Bicester ni mbali. Huku Uholanzi kuna ya karibu? — Msomaji*

Ipo, na nyepesi kuliko zote. Designer Outlet Roermond, Intercity kutoka Eindhoven ni kama nusu saa, ukishuka Roermond unatembea dakika 10 mpaka 15 kupita katikati ya mji. Kama una ule mpango wa NS, kampuni ya reli ya huko, unaoitwa Dal Voordeel unapunguziwa asilimia 40 saa zisizo za msongamano, siku za wiki mchana ni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, na wikendi siku nzima. Kurudishiwa VAT sahau, unaishi ndani ya Umoja wa Ulaya. Jambo la kuangalia zaidi ni kalenda ya Ujerumani, mpaka uko jirani kabisa, na kwao Jumapili na sikukuu maduka yanafungwa, kwa hiyo wote wanavuka kuja Roermond. Tarehe 3 Oktoba na tarehe 1 Novemba usijaribu hata kidogo. Jumanne au Jumatano, panda treni ya baada ya saa tatu, utaingia madukani bila kusubiri mstarini.